Wateja saba kwenye domeini moja: inawezekana, ila jina ni la nani?

Maswali ya wasomaji, kompyuta na mtandao. Safari hii barua zote zimetoka Kanda ya Ziwa na karibu zote zinazunguka jambo moja, blogu ya mtu kukaa chini ya domeini (jina la mtandao) ya mtu mwingine, tumeanza na ile ndefu.

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nipo Nyakato hapa Mwanza, natengeneza website za watu, nilianza kidogokidogo lakini sasa hivi nina wateja saba, kuna lodge ya Capri Point, kuna mama wa dagaa pale mwaloni Kirumba, shule ya chekechea Igoma, fundi nguo wa Makoroboi, kijana anayepeleka wageni Saanane na Bujora, na wengine wawili wa Ukerewe. Wote wanataka blogu tu ya kuweka picha na habari zao, hela ya kulipia hosti kila mtu na ya kwake hawana. Mi nina domeini yangu moja ya .co.tz na hosti ya cPanel, nimesikia naweza kuwaweka wote humohumo kila mtu na sabdomeini yake, yaani dagaa.jinalangu.co.tz, lodge.jinalangu.co.tz na kuendelea, afu WordPress inakuwa moja tu. Nianzie wapi, na ubaya wake ni upi? Wabeja sana.
Msomaji, Nyakato

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, wateja saba wa kudumu sio wachache. Inawezekana kabisa na wala sio ujanja wa kuungaunga, WordPress, programu ya kutengenezea blogu na tovuti, inayo hiyo kitu ndani yake inaitwa multisaiti, yaani WordPress moja inayobeba blogu nyingi. Zamani ilikuwa programu ya pembeni, WordPress MU, mpaka Juni 2010 lilipotoka toleo la 3.0 ndo ikaunganishwa na WordPress ya kawaida, na WordPress.com yenye mamilioni ya blogu inaendeshwa kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo kwa upande wa programu wateja saba hawaisumbui. Kitakachokusumbua ni hosti yako na makubaliano yako na hao watu, na hilo la makubaliano ndo nataka tuliongee kwa kirefu, ila ngoja kwanza nikupe njia maana ndo ulichouliza.

Elewa unachokijenga. Ukiwasha multisaiti unabaki na WordPress moja, folda moja, databesi moja. Kila blogu mpya inaongeza majedwali 10 kwenye databesi, ya kwanza inatumia wp_posts, ya pili wp_2_posts, ya tatu wp_3_posts hivyohivyo, na picha za blogu unazoongeza zinakaa ndani ya wp-content/uploads/sites kila blogu na folda ya namba yake. Lakini watumiaji wote, wewe, mama wa dagaa, mwalimu mkuu wa chekechea, wako kwenye jedwali moja la wp_users. Themu (sura ya blogu) na plagini (programu ndogo za nyongeza) nazo ni za pamoja, wewe mwenye cheo cha Super Admin ndo unaziweka na kuzitoa, mteja anawasha zile ulizomruhusu basi. Kwenye kuapdeti utafurahi maana unafanya mara moja blogu zote zimepona, ila siku plagini moja ikigoma basi lodge na dagaa na chekechea wote wanalala chini saa ileile.

Haya, kazi yenyewe. Kwanza bakapu, faili zote na databesi, uishushe kwenye kompyuta yako isibaki kwenye seva ileile. Zima plagini zote. Fungua wp-config.php, juu ya ule mstari wa That's all, stop editing ongeza define( 'WP_ALLOW_MULTISITE', true ); na usisahau hiyo nukta-mkato ya mwisho. Useivu, urudi dashibodi, chini ya Tools utaona Network Setup imetokea. Hapo inakuuliza sabdomeini au folda, ukichagua na kuendelea inakupa mistari ya kubandika, mingine kwenye wp-config.php mingine kwenye .htaccess, na ile ya .htaccess inachukua nafasi ya mistari ya zamani ya WordPress, sio unaiongeza chini yake, hapo wengi ndo wanapata kurasa zisizofunguka. Utatolewa nje, ingia upya, juu utaona My Sites, ndani yake Network Admin, ndo sehemu ya kuongezea blogu. Kama unataka kujaribia kwenye kompyuta yako kwanza ujue kwa anuani ya localhost itakulazimisha folda, sabdomeini haikubali.

Kuna watu watakwambia chagua folda, yaani jinalako.co.tz/dagaa, kwa sababu haitaki kugusa DNS (daftari la mtandao linaloonyesha jina linaelekea seva ipi) na cheti chako kilekile cha SSL (kinachofanya tovuti ionekane salama) kinatosha, na ni kweli ni rahisi zaidi. Wengine watasema Google haipendi sabdomeini, hiyo usiihangaikie, John Mueller wa Google alishasema mwaka 2017 kwamba kwao vyote viwili ni sawa. Mi kwa wateja nasema sabdomeini, na sababu ni ya siku ya kuachana: sabdomeini ina rekodi yake kwenye DNS, kwa hiyo mteja akitaka kuondoka unaielekeza kwenye seva yake mpya bila kuwagusa wenzake, folda huwezi kuihamisha hivyo. Na uamuzi huu ufanye leo, blogu zikishajaa kugeuza ni kazi ya kutafuta anuani mojamoja ndani ya databesi.

Sasa DNS. Maelekezo mengi utakayoyasoma yanakwambia uweke nyota, yaani rekodi ya A ambayo jina lake ni * inayoelekea kwenye IP ya seva yako, afu kwenye cPanel (paneli ya kusimamia hosti yako) unatengeneza sabdomeini inayoitwa * inayoelekea folda ya WordPress. Ukishafanya hivyo jina lolote mtu atakaloandika mbele ya domeini yako linafika kwako, unaongeza blogu bila kurudi cPanel tena. Ni nzuri kwa mwenye watu mia. Lakini nyota inataka cheti cha SSL cha nyota, na Let's Encrypt ingawa inavitoa bure tangu Machi 2018 inadai uthibitishe kwa kuweka rekodi kwenye DNS, sio kwa faili kwenye seva, na cheti kinaisha baada ya siku 90, sasa kama hosti yako haijaunganishwa kufanya hiyo kazi yenyewe basi kila miezi mitatu itabidi ukumbuke mwenyewe, siku ukiwa msibani Sengerema vyeti vinaisha na wateja wote saba simu zao zinawaambia wageni kwamba tovuti sio salama. Na cheti cha nyota kinashika ngazi moja tu, kinafaa dagaa.jinalako.co.tz lakini bei.dagaa.jinalako.co.tz hakiihusu.

Kwa wateja saba huihitaji nyota. Ingia cPanel, sehemu ya Domains, tengeneza sabdomeini mojamoja kwa mkono, kila moja uielekeze folda ileile yenye WordPress yako, kawaida ni public_html, usikubali ile folda mpya ambayo cPanel inakupendekezea yenyewe, ukiikubali mteja atafungua na kukuta ukurasa mtupu ulioandikwa Index of. Kila sabdomeini ikishatambulika, AutoSSL ya cPanel kama hosti yako wameiwasha inaipa cheti chake na kukihuisha yenyewe. Ni dakika chache kwa kila mteja na huna cha kukumbuka. Halafu ndo unaenda Network Admin, Sites, Add New, unaandika jina lilelile. Majina yawe herufi, namba na kistari tu, mstari wa chini haufai, na usimpe mtu mail, webmail, ftp wala cpanel maana hayo kwa kawaida hosti inayatumia tayari, yaweke kabisa kwenye orodha ya Banned Names kwenye Network Settings.

Hapohapo kwenye Network Settings kuna kitu kitakupigia simu usiku kama hujakigusa. Ukubwa wa faili moja multisaiti imeufunga kwenye KB 1,500, na picha ya simu za siku hizi inafika MB 3 au 4, kwa hiyo mama wa dagaa atapiga picha nzuri ya dagaa wake juani, atajaribu kuipandisha, itakataa, atakwambia blogu yako mbovu. Pandisha mpaka kama MB 5. Afu tia tiki kile kisanduku cha kikomo cha nafasi kwa kila blogu, kwa kawaida kimezimwa, namba iliyoandikwa ni MB 100, weka unayoweza kuimudu kulingana na hosti uliyolipia. Bila hiyo mteja mmoja mwenye mapenzi ya kupandisha video atakumalizia nafasi ya wote, na video wafundishe waziweke YouTube wabandike linki tu.

Ubaya sasa. Ni nyumba ya vyumba saba yenye Luku moja, na jina kwenye ile Luku ni lako. Domeini yako ikiisha muda hujalipia, wote saba gizani siku moja. Blogu moja ikiingiliwa na watu wabaya wakaweka kurasa za kulaghai, Google ikiweka alama ya hatari inaweza kuangukia domeini nzima, lodge ya watu imepoteza wageni kwa kosa la pasiwedi ya fundi nguo. Fomu moja ya mawasiliano ikitumika kutuma takataka, barua pepe zote zinazotoka kwenye domeini yako zinaanza kwenda spamu. Pasiwedi yako ya Super Admin ni funguo ya biashara saba, iwe ndefu na iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na wateja wape cheo cha Editor, Administrator wa blogu yake mpe anayejua anachokifanya.

Chekechea nitaisema peke yake. Kama ile blogu ina fomu ya mzazi kuandika jina la mtoto na namba ya simu, hizo taarifa ziko kwenye databesi moja na ya lodge na ya mtembeza wageni, na picha za watoto ziko seva hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya na anayehifadhi wote inawahusu. Mi nakuomba fomu ya watoto usiiweke humo, wazazi wapige simu ya shule, na chekechea siku ikitaka fomu ipewe WordPress yake peke yake. Hivyohivyo na yeyote atakayetaka kupokea malipo kwenye blogu, huyo mtoe mapema. Na kama kuna anayetaka kugeuza blogu iwe ya habari na matukio, hiyo iko chini ya kanuni za maudhui ya mtandaoni na leseni inatoka TCRA, usimpe chumba kabla hajaonyesha.

Sasa jina. dagaa.jinalako.co.tz ni mali yako, sio ya mama wa dagaa. Yeye ataliandika kwenye mifuko, kwenye kanga za kikundi, kwenye bango la pale mwaloni, wateja wa Kigoma na Lubumbashi watalishika kichwani, na miaka mitatu mbele siku mkikosana au wewe ukipata ajira ukaacha hii kazi, lile jina linabaki kwako na yeye anaanza sifuri. Hili linaniuma kila nikiliona maana wanaoumia ni watu wa biashara ndogo ambao hawakuambiwa. Kwa hiyo unavyowapokea waambie wazi, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba hii sabdomeini ni ya kuanzia. Anayetaka kuchapisha jina kwenye kitu cha kudumu anunue domeini yake ya .co.tz kwa wakala anayetambulika wa majina ya .tz, kwa jina lake na barua pepe yake na namba yake ya simu, sio zako, hata kama wewe ndo unamsaidia kujaza. Afu aendelee kukaa humohumo kwako: tangu WordPress 4.5 ya Aprili 2016 multisaiti inakubali domeini kamili bila plagini yoyote, domeini ya mteja unaiongeza cPanel ielekee folda ileile, kwenye DNS yake rekodi ya A inaelekea IP yako, kisha Network Admin, Sites, Edit, unabadilisha anuani ya ile blogu. Usipoweza kuingia kwenye dashibodi yake baada ya hapo ikakuletea maneno ya cookies, ongeza define( 'COOKIE_DOMAIN', $_SERVER['HTTP_HOST'] ); kwenye wp-config.php.

Na kabla hujagusa hata mstari mmoja wa koodi andikiana nao karatasi, ukurasa mmoja unatosha: unachotoza kwa mwaka na kinalipia nini, maandishi na picha ni mali ya nani (ni zake), akitaka kuondoka utampa nini na ndani ya siku ngapi, anuani ya zamani utaielekeza kwenye mpya kwa muda gani, na mwenyewe ukishindwa kuendelea utawapa taarifa miezi mingapi kabla. Wote saba wasaini. Ukiona mteja anasita kusaini ni bora ujue sasa hivi.

SWALI: Hujambo mwanangu. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Nansio, tunauza machungwa na unga wa muhogo. Miaka ya nyuma kijana mmoja alitufungulia blogu kwenye jina la kampuni yake, sisi tukiwa mwanzoni mwa jina. Kijana ni mzuri hatujakosana naye ila amehamia Dar na kupatikana ni shida. Sasa tumenunua jina letu wenyewe na binti yangu ametununulia hosti. Tutahamaje na habari zetu zote na picha, na wanaotujua kwa jina la zamani tusiwapoteze?
Mama msomaji, Ukerewe

JIBU: Shikamoo mama. Mmefanya vizuri kununua jina kwa mkono wenu, na ni bahati kwamba kijana hamjagombana, kwa sababu kuna vitu viwili ambavyo yeye tu anaweza kuwafanyia. Mpigieni simu moja mumwombe vyote kwa pamoja.

Cha kwanza awape nywila ya Administrator wa blogu yenu kama hamna. Binti aingie Tools, Export, achague yote, atapata faili la XML. Humo mna maandishi yenu yote, kurasa, maoni ya wasomaji na majina ya waandishi, ila picha hazimo, mna anuani za picha tu. Ndo maana ni muhimu sana blogu ya zamani isifungwe kabla ya kuhama. Kwenye WordPress yenu mpya aende Tools, Import, aweke WordPress Importer, apandishe lile faili, na atie tiki kwenye kisanduku cha kushusha na picha, hapo WordPress mpya itaenda yenyewe kuzichukua kule kwa zamani. Picha zikiwa nyingi inaweza kukatika katikati, arudie tu faili lilelile, zilizokwisha kuingia inaziruka. Baada ya hapo afungue habari chache za zamani atazame picha zinatoka kwenye anuani ipi, akikuta bado zinasoma kule kwa kijana aseme mapema kabla hakujafungwa. Muonekano wa blogu, vile visanduku vya pembeni (widgets) na majibu yaliyoingia kwenye fomu za mawasiliano haviji na lile faili, vya fomu avinakili kwa mkono mama, hasa kama kuna oda za watu humo.

Cha pili kijana aweke kule kwake uelekezo wa kudumu, mafundi wanauita 301, wa sabdomeini yenu tu, na aweke kwa namna ambayo ukurasa unaelekea ukurasa mwenzake, yaani habari ya machungwa ya zamani inafika kwenye habari ya machungwa mpya, sio wote wanatupwa ukurasa wa mbele. Ili hilo likae sawa binti ahakikishe kwenye Settings, Permalinks ya blogu mpya mtindo wa anuani ni uleule wa zamani. Google wenyewe wanashauri uelekezo ukae angalau mwaka mmoja, mwombeni kijana auache muda wote domeini yake ikiwa hai, kwake hauna gharama. Kwenye mifuko ya unga inayochapishwa kuanzia sasa wekeni jina jipya tu.

Kama kijana hatapatikana kabisa, maandishi bado yanasomeka hadharani, binti anaweza kunakili habari mojamoja na kushusha picha kwa mkono. Ni kazi ya siku kadhaa lakini inawezekana, aanze na zile zinazosomwa sana. Wasalimie akina mama wote hapo Nansio.

SWALI: Kaka vp, nipo chuo Malimbe, kuna jamaa kanipa blogu kwenye multisaiti yake mi ni admini kabisa wa hiyo blogu. Nikibandika koodi ya ramani ya Google kwenye ukurasa naiona vizuri, nikiseivu inapotea. Kwenye WordPress yangu ya kawaida ya zamani haikuwa hivo, jamaa kaniwekea mitego au?

JIBU: Hapana, jamaa hajakufanyia kitu. Kwenye multisaiti admini wa blogu moja hana ruhusa ya kuweka koodi za iframe na script, WordPress inazifuta ikiseivu, ruhusa hiyo anabaki nayo Super Admin tu. Imefanywa hivyo makusudi kwa sababu mnashea domeini, script mbaya kwenye blogu yako inaweza kuweka au kuchezea kuki za domeini kuu na kuwagusa wenzako. Una njia mbili. Mwombe jamaa aingie mwenyewe abandike ile koodi ya ramani na aseivu yeye, lakini ujue ukija kuuediti ule ukurasa wewe na kuseivu inafutika tena. Au mwombe aweke plagini ya ramani ambayo nyie mnaandika anuani tu, hiyo ndo nzuri zaidi. Usimwombe akupe Super Admin kwa ajili ya ramani, na akikupa mrudishie. YouTube haina shida hiyo, bandika linki peke yake kwenye mstari wake itatokea.

SWALI: Habari za kazi. Nipo Musoma, mi tayari nimeweka nyota kwenye DNS na multisaiti inaenda vizuri, sasa nimepata mteja mwenye blogu yake ya Blogger ya muda mrefu, hataki kuhamia WordPress ila anataka aitwe kwa sabdomeini yangu. Nyota haitamgonga?

JIBU: Haitamgonga. Kwenye DNS jina lililoandikwa kwa ukamilifu linashinda nyota siku zote, nyota inajibu yale majina ambayo hayana rekodi yake. Mwambie aingie Blogger, Settings, Custom domain, aandike ile sabdomeini yote. Itamkatalia mara ya kwanza na kumpa rekodi mbili za CNAME (rekodi ya DNS inayoelekeza jina moja kwenye jina lingine), ya kwanza ni jina la sabdomeini kuelekea ghs.google.com, ya pili ni maneno marefu ya kuthibitisha, yeye akutumie zote mbili kwa kunakili na kubandika sio kwa screenshot maana herufi moja ikikosewa haitakubali. Wewe ziweke kwenye Zone Editor ya cPanel, na kama uliwahi kutengeneza sabdomeini ya jina hilo cPanel ifute kwanza, CNAME haiwezi kukaa na rekodi ya A kwenye jina moja. Subiri, mara nyingi TTL ya cPanel (muda ambao rekodi ya zamani inaendelea kukumbukwa) ni sekunde 14400, yaani saa nne, kwa hiyo simu yako inaweza kuonyesha mpya na ya mteja ikaonyesha ya zamani, msianze kubadilisha vitu hapo katikati. Ikishakubali awashe HTTPS palepale kwenye Settings za Blogger, cheti Google wanampa bure, na kwenye multisaiti yako usimfungulie blogu yenye jina hilohilo. Anuani yake ya zamani ya blogspot itaanza kuwaelekeza watu kwenye hii mpya yenyewe, na siku akiiondoa hiyo Custom domain blogu yake inarudi kwenye blogspot na kila kitu chake.